Kituo cha Ndege Bila Uwanja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Airlines Terminal ya New York

Kila picha za zamani za Mtaa wa 42 zinapozunguka mtandaoni, huwa hakosi mtu wa kuuliza lile jengo lenye tai wawili juu ya paa lilikuwa la nini na limeenda wapi. Majibu yamekusanywa hapa. Mengine ni marefu kwa sababu habari yenyewe ni ndefu.

Airlines Terminal ilikuwa nini hasa?

Ilikuwa kituo cha abiria wa ndege kilichosimama katikati ya Manhattan, mbali na uwanja wowote wa ndege. Hapakuwa na njia ya kurukia, wala mnara wa kuongozea ndege. Abiria alifika hapo kukata tiketi, kuripoti safari na kupimiwa mizigo, kisha akapanda basi au gari maalumu hadi uwanja wa LaGuardia au Newark. Kilifunguliwa Januari 1941 na kubomolewa mwaka 1978.

Kilikuwa wapi?

Kwenye kona ya kusini-magharibi ya Park Avenue na Mtaa wa 42. Ukivuka barabara tu umeingia Grand Central, stesheni kubwa ya reli iliyofunguliwa Februari 1913. Kabla ya kituo, kiwanja kile kilikuwa cha Hotel Belmont, hoteli iliyofunguliwa 1908 na kuvunjwa 1939. Hoteli iliishi miaka 31, kituo kikaishi 37. Kwa Manhattan huo ni umri wa kawaida wa jengo, maana pale ardhi huwa na thamani kuliko kilichojengwa juu yake.

Kwa nini kituo cha ndege kijengwe mjini badala ya uwanjani?

Hili ndilo swali la msingi, na jibu lake linaanzia kwenye hasira za meya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukinunua tiketi ya ndege kwenda New York ulikuwa hushukii New York. Ulishukia Newark, ng'ambo ya mto Hudson, katika jimbo jingine, New Jersey. Uwanja ule ulifunguliwa 1928, na mashirika yalikuwa yameshauzoea. Jiji lilikuwa na uwanja wake, Floyd Bennett Field huko Brooklyn, lakini mashirika hayakuutaka. Mwaka 1934 meya Fiorello La Guardia alitua Newark kwa ndege ya TWA, akagoma kushuka. Tiketi yake, alisema, imeandikwa New York, na Newark si New York. Ikabidi ndege iruke tena kumpeleka Floyd Bennett. Ilikuwa ni sarakasi ya kisiasa, tena mbele ya waandishi wa habari, lakini hoja yake ilieleweka: jiji kubwa kuliko yote Marekani lilihitaji uwanja ambao abiria wangeukubali. Uwanja mpya ukafunguliwa Oktoba 1939 huko Queens, ndege za biashara zikaanza kuutumia Desemba mwaka huohuo, na jina la meya likakaa juu yake mpaka leo.

Uwanja ukapatikana. Sasa utafikaje? LaGuardia iko kilomita 13 hivi kutoka katikati ya Manhattan, na East River umekaa katikati. Novemba 1940 likafunguliwa handaki la Queens–Midtown, linalopita chini ya mto na kutokea Manhattan mitaa michache tu kusini ya Mtaa wa 42. Miezi miwili baadaye kituo kikafungua milango. Tarehe hizo mbili zisomwe pamoja, kwa sababu bila handaki lile basi la uwanjani lingezungukia madarajani na safari isingekuwa na maana.

Iko na sababu ya biashara. Wateja wa ndege wa wakati ule walikuwa watu wenye fedha: mameneja, mawakili, wafanyabiashara. Watu hao walilala katika hoteli za Commodore, Biltmore na Roosevelt, zote hatua chache kutoka pale. Waliokaa vitongoji vya kaskazini na Connecticut walishukia Grand Central kila asubuhi. Na zaidi ya yote, mpinzani mkubwa wa ndege alikuwa treni. Shirika linalomwinda abiria wa reli litaweka kaunta yake wapi kama si mlangoni pa stesheni? Mtu aliyetoka kuulizia behewa la kulala la kwenda Chicago aliinua macho akaona tai wawili na majina ya mashirika ya ndege. Tangazo kubwa kuliko hilo halikuwepo.

Ni mashirika gani yaliyokuwemo?

Matano: American, Eastern, Pan American, TWA na United. Walikuwa washindani wakubwa, lakini walikubali kukaa chini ya paa moja. Eastern na Pan American zilikufa mwaka 1991, TWA ikamezwa na American mwaka 2001. American na United bado zipo.

Mambo yalikwendaje siku ya safari?

Tuchukue mtu anayekwenda Chicago mwaka 1941. Anaingia na sanduku lake hadi kaunta ya shirika lake. Tiketi inakaguliwa dhidi ya orodha ya majina. Sanduku linawekwa kwenye mizani, na karani anasoma uzito kwa makini, kwani kwenye ndege ndogo kila ratili ina hesabu yake. Ruhusa ya kawaida ya mzigo kwa safari za ndani ilikuwa ratili 40, yaani kilo 18 hivi. Zaidi ya hapo unalipia. Sanduku linafungwa kibandiko, linachukuliwa, na mwenyewe hataliona tena mpaka atakakoshukia. Muda ukibaki, kuna mkahawa, na kuna ukumbi wa sinema unaoonyesha habari za dunia, kwa sababu kabla ya televisheni watu walizitazama habari sinemani. Jina la safari likitangazwa, anapanda basi, basi linaingia handakini, na kule LaGuardia anakwenda karibu moja kwa moja kwenye ndege.

Jambo la kuangalia hapa ni idadi. Ndege iliyotawala anga wakati ule, Douglas DC-3, ilikuwa na viti 21. Basi moja lilitosha kabisa kubeba abiria wa ndege nzima. Karani wa mjini alijua nani amefika na nani hajafika, na orodha yake ndiyo orodha ya rubani. Hesabu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba jengo la mjini na ndege ya uwanjani vilifanya kazi kama kitu kimoja. Kumbukeni viti 21. Tutavihitaji tukifika kwenye kifo cha kituo.

Jengo lilikuwaje, na nani alilichora?

Msanifu alikuwa John B. Peterkin. Mtindo ulikuwa Art Deco, usanifu uliotamba miaka ya 1920 na 1930, lakini wa mwishoni, ule uliopunguza nakshi na kubaki na mistari mikubwa. Lilikuwa fupi sana likilinganishwa na majirani zake, na kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa uzuri wake: Mtaa wa 42 una majengo yanayogombea mawingu, likiwemo Chrysler lililo mitaa miwili tu mashariki, na katikati yao likakaa jengo lisilo na haraka ya kwenda juu, huku biashara yake ikiwa ni anga lenyewe. Tai walikuwa pembeni mwa paa, wakubwa, wakitazama barabara.

Je, ndicho kilekile kituo cha Port Authority?

Hapana. Kile ni kituo cha mabasi, kilifunguliwa Desemba 1950 upande wa magharibi, Eighth Avenue, na bado kipo. Watu huvichanganya kwa sababu vyote viko karibu na Mtaa wa 42 na vyote vilitoa mabasi.

Vita vilikiathiri vipi?

Kilikuwa hakijamaliza mwaka Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941. Ndege nyingi za abiria zikachukuliwa na jeshi, na viti vilivyobaki vikagawiwa kwa vipaumbele: mwanajeshi au mtu wa serikali aliweza kumwondoa raia aliyekwisha lipa. Kwa hiyo miaka ya mwanzo ya kituo ilikuwa ya sare za jeshi na orodha za kusubiri.

Jambo moja linaloihusu Afrika: mwanzoni mwa Desemba 1941, karibu na siku ya mabomu ya Japani kule Pearl Harbor, Pan American ilituma ndege ya majini kutoka New York kufungua njia ya kwenda Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Ndege hizo ziliondokea Marine Air Terminal, jengo la pembeni kabisa la LaGuardia, lililofunguliwa 1940 kando ya maji.

Nimesikia kulikuwa na vituo vingine viwili. Ni kweli?

Kweli, na bila hivyo huwezi kuelewa kilichotokea Mtaa wa 42.

Baada ya vita abiria waliongezeka, na Julai 1948 ukafunguliwa uwanja mkubwa wa Idlewild, ambao tangu Desemba 1963 unaitwa John F. Kennedy. Huo uko kilomita 24 hivi kutoka mjini. Mabasi yakawa mengi, na kona ya Grand Central ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuegesha mabasi mengi. Desemba 1953 ikafunguliwa East Side Airlines Terminal, First Avenue kati ya mitaa ya 37 na 38, jirani kabisa na mdomo wa handaki la Queens–Midtown. Mchoraji alikuwa Peterkin yuleyule, na nyuma ya mradi alikuwepo Robert Moses, bwana mkubwa wa barabara na madaraja ya New York. Mwaka 1955 ikafuata West Side Airlines Terminal, Tenth Avenue na Mtaa wa 42, kwa ajili ya waendao Newark kupitia handaki la Lincoln.

Kwa mtu wa mabasi, mpango huo ulikuwa safi: kila kituo mlangoni pa handaki lake. Kwa abiria ulikuwa kasoro. East Side ilikuwa mbali na treni za chini ya ardhi. Ili ufike hapo ilibidi upande teksi. Sasa mtu aliyekwisha panda teksi na sanduku lake, kwa nini asimwambie dereva aendelee tu mpaka uwanjani? Nadhani wazo la kituo cha mjini lilianza kufa siku lilipohamishwa kutoka mlangoni pa Grand Central, ingawa jengo jipya lilikuwa kubwa na la kisasa zaidi. Aliyepanga alikuwa akifikiria magari, na abiria akasahaulika.

Jengo la Mtaa wa 42 halikufungwa. Mabasi yalipoondoka, lilibaki na ofisi za tiketi za mashirika kwa miaka mingine zaidi ya ishirini.

Hao ndugu wawili waliishia wapi?

West Side ilifungwa 1972, na jengo likatumika kwa muda kama studio za televisheni. East Side ilisukuma siku mpaka miaka ya 1980. Mwaka 1985 kiwanja kikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 90, na juu yake likapandishwa jengo la makazi linaloitwa The Corinthian, la ghorofa zaidi ya hamsini. Sehemu ya muundo wa kituo ilimezwa humohumo chini ya jengo jipya.

Kwa nini mfumo mzima ulikufa?

Watu hupenda kutaja sababu moja. Zilikuwa kadhaa, na zilikuja kwa foleni.

Ya kwanza ni ukubwa wa ndege. Rudini kwenye vile viti 21. Oktoba 1958 Pan American ilianza kurusha Boeing 707 kati ya New York na Paris, ndege yenye abiria zaidi ya mia. Januari 1970 ikaanza Boeing 747 kati ya New York na London, yenye abiria zaidi ya mia tatu. Basi halikukua. Ndege moja iliyokuwa ikihitaji basi moja sasa ilihitaji mabasi saba au nane, na yote yafike kwa wakati kupitia handaki lilelile lenye msongamano uleule. Basi moja likikwama, watu arobaini wamechelewa na mizigo yao, na ndege iliyosimama ardhini inakula fedha kila dakika.

Ya pili ni viwanja vyenyewe. Idlewild iliyapa mashirika makubwa nafasi ya kujenga majumba yao wenyewe. Pan American ilifungua lake 1960, lenye paa kama mwavuli. TWA ikafungua lake 1962, lile lililochorwa na msanifu Eero Saarinen ambalo siku hizi ni hoteli. Shirika lililotumia mamilioni kujenga jumba la kujivunia uwanjani halikuwa na hamu ya kulipia kaunta ya pamoja mjini, bega kwa bega na mpinzani wake.

Ya tatu ni gari la mtu binafsi. Abiria wa 1941 alitoka hotelini Manhattan. Abiria wa 1965, mara nyingi, alitoka nyumbani kwake Long Island au New Jersey, na uwanja ulikuwa karibu naye kuliko mjini. Kumwambia aingie Manhattan kwanza ndipo arudishwe Queens kwa basi ni kumtania.

Ya nne ni usalama. Baada ya wimbi la utekaji nyara wa ndege, kuanzia Januari 1973 kila abiria na mzigo wake wa mkononi vilitakiwa kukaguliwa kabla ya kupanda. Ukaguzi huo ulifanyika uwanjani, kwa hiyo kuripoti mjini hakukumwondolea mtu foleni. Hii haikuua mfumo, maana ulikuwa umeshalala kitandani. Ilihakikisha tu kwamba hautaamka.

Je, hakuna aliyejaribu njia nyingine ya kuunganisha mji na uwanja?

Walijaribu, tena palepale. Mwaka 1963 likafunguliwa jengo la Pan Am nyuma ya Grand Central, na juu ya paa lake pakawekwa uwanja wa helikopta. Abiria alipaa kutoka ghorofani na kushuka Kennedy dakika chache baadaye. Huduma ilianza 1965, ikasimama 1968, ikarudi 1977. Mei mwaka huohuo wa 1977 mguu wa helikopta ulivunjika ikiwa juu ya paa, helikopta ikaanguka upande, na watu 5 wakafa, mmoja wao akiwa mpita njia barabarani chini kabisa, aliyepigwa na kipande cha pangaboi. Huduma ikafungwa na haikurudi tena.

Septemba 1978 ikaja treni iliyotangazwa kuwa ni ya kwenda kwenye ndege. Kwa kweli ilikwenda hadi stesheni ya Howard Beach, na hapo ukapanda basi kumalizia. Ilikufa 1990. Kennedy ilikuja kupata treni inayoingia hadi ndani ya uwanja Desemba 2003. LaGuardia, uliozaa habari hii yote, hauna treni mpaka leo. Mpango wa mwisho wa kuijenga ulifutwa 2023.

Nani alibomoa kituo, na sasa pana nini?

Kiwanja kilichukuliwa na kampuni ya sigara ya Philip Morris, iliyotaka makao makuu mapya. Kituo kilivunjwa 1978, na jengo jipya la 120 Park Avenue, lililochorwa na Ulrich Franzen, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chini yake palikuwa na ukumbi mkubwa wa wazi kwa umma, na kuanzia 1983 hadi 2008 humo ndani kulikuwa na tawi la jumba la sanaa la Whitney. Uliweza kuingia kutoka barabarani, bila kiingilio, ukakaa karibu na sanamu ukala mkate wako wa mchana. Kusema haki, kwa mpita njia wa kawaida haikuwa hasara tupu.

Kwa nini halikulindwa kama jengo la urithi, wakati Grand Central ililindwa?

Hapa ndipo penye uchungu, na ndipo watu hubishana.

New York ilijifunza kulinda majengo kwa kupoteza. Oktoba 1963 ilianza kuvunjwa Pennsylvania Station, stesheni kubwa ambayo hakuna aliyedhani ingeguswa. Kelele zilizofuata zilizaa sheria ya majengo ya urithi ya Aprili 1965. Sheria hiyo inataka jengo liwe na umri wa miaka 30 ndipo litambuliwe. Grand Central ikaorodheshwa 1967. Kituo cha ndege wakati huo kilikuwa na miaka 26; kilifikisha 30 mwaka 1971, nacho tayari kilikuwa ofisi za tiketi tu.

Mwaka 1968 wenye Grand Central walileta mchoro wa mnara, kazi ya msanifu Marcel Breuer, wa kupandisha juu ya stesheni. Jiji likakataa, kesi ikafunguliwa, ikapanda ngazi moja baada ya nyingine. Watu mashuhuri, Jacqueline Kennedy Onassis, mjane wa Rais Kennedy, akiwa mstari wa mbele, wakaingia kuitetea stesheni. Juni 26, 1978, Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji sita kwa watatu, kwamba jiji lina haki ya kuilinda. Mwaka huohuo Chrysler nalo likatambuliwa. Na mwaka huohuo, ng'ambo ya barabara, tai walikuwa wakishushwa kwenye paa.

Wapo wanaosema jengo lilisahaulika kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye stesheni. Mimi naona sababu ya ndani zaidi. Art Deco ya majengo marefu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuheshimiwa. Art Deco ya jengo fupi la biashara ilikuwa bado inaonekana kama dekorasheni ya sinema. Halafu jiji lilikuwa limetoka kunusurika kufilisika mwaka 1975. Hoteli ya Commodore iliyopakana na Grand Central ilikuwa inavuliwa uso wake wa zamani na kuvikwa vioo ili ifunguliwe upya 1980. Kampuni kubwa iliyotaka kujenga makao makuu Mtaa wa 42, wakati kampuni nyingine zinahama mji, ilipokelewa kwa mikono miwili, na hakuna mwanasiasa aliyekuwa tayari kuikorofisha kwa ajili ya kaunta za tiketi.

Na tuseme lililo wazi: stesheni bado ilikuwa na kazi. Maelfu ya watu walipita Grand Central kila siku na wangeikosa kesho yake asubuhi. Kituo cha ndege hakikuwa na mtu wa kukikosa. Mwaka 1941 kila aliyesimama kona ile angekwambia kwamba reli ni mambo ya jana na ndege ni ya kesho. Waliobashiri hivyo hawakukosea kuhusu ndege. Walikosea kuhusu majengo.

Tai wako wapi sasa?

Wapo, wazima, jimboni Virginia. Walinunuliwa na kupelekwa kwenye makao makuu ya kampuni ya maduka ya Best Products, nje kidogo ya jiji la Richmond, wakasimamishwa kulinda mlango. Best Products yenyewe ilikufa miaka ya 1990, tai wakabaki. Kinachochekesha ni kwamba kampuni mama ya Philip Morris, ambayo kwa sasa inaitwa Altria, nayo iliondoka Park Avenue mwaka 2008 na kuhamia hukohuko Richmond. Aliyevunja na alichovunja wamekuwa majirani.

Je, London haikuwa na kitu kama hiki? Babu zetu waliosafiri na Imperial Airways waliondokea wapi?

Ilikuwa nacho, tena mapema zaidi. Kiangazi cha 1939 Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza la wakati ule, ilifungua jengo lake karibu na stesheni ya Victoria. Abiria aliripoti hapo, mizigo ikapimwa, kisha akapanda treni maalumu hadi Southampton penye ndege za majini. Njia ya kusini ya ndege hizo, iliyoanza 1937, ilipita Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban. Vita vikauvuruga mpango huo miezi michache tu baada ya jengo kufunguliwa. Jengo la Victoria halikubomolewa. Limekuwa ofisi ya wakaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza.

Baadaye London ilikuwa na kituo kingine Cromwell Road, cha shirika la BEA, kilichoacha kuripoti abiria mwishoni mwa 1973, sababu zikifanana sana na zile za New York.

Vituo vya aina hii vimekwisha kabisa duniani?

Havijaisha. Vilivyodumu ni vile vilivyoacha basi na kushika reli. Hong Kong, tangu 1998, abiria wa baadhi ya mashirika anaweza kuacha masanduku yake stesheni ya mjini, akazunguka madukani mikono mitupu, kisha akapanda treni ya uwanjani inayokwenda kwa dakika 24 hivi, bila kujali foleni ya magari. Ndilo wazo lilelile la Mtaa wa 42. Tofauti ni kwamba New York iliweka kituo mbele ya stesheni bora kuliko zote nchini, halafu ikawapakia abiria kwenye basi.

Nikienda New York, kuna nini cha kuona?

Kwenye kiwanja chenyewe hakuna. Simama Mtaa wa 42 mgongo ukiwa umeelekea Grand Central, tazama upande wako wa kulia wa daraja la Park Avenue, hapo ndipo kilipokuwa. Kwa miaka mingi baada ya East Side kufungwa, mabasi ya uwanjani yalikuwa yakipakia Park Avenue kati ya mitaa ya 41 na 42, mkabala na kiwanja kilekile, abiria wakisubiri kwenye mvua.

Anayetaka kuonja enzi yenyewe aende LaGuardia, Marine Air Terminal. Bado inatumika na abiria wa kawaida. Ndani kuna ukumbi wa duara wenye mchoro wa ukutani wa James Brooks unaozunguka ukuta wote, kuanzia ndoto za kale za binadamu kuruka hadi ndege za majini. Ulikamilika 1942, ukapakwa rangi na kufunikwa miaka ya 1950, ukafunuliwa na kukarabatiwa 1980. Ukumbi huo uko kabla ya ukaguzi wa usalama, kwa hiyo huhitaji tiketi kuuona.